Asubuhi Ambayo Sirene Haikulia

Foni mwanangu,

Kama umenitii, gari limekwisha kupita Kapolowe, wale mama wa samaki wamebaki nyuma na mabeseni yao, na wewe umekaa dirishani umelikumbatia begi kwa sababu humwamini mtu yeyote na mizigo yako. Kama hukunitii, na kichwa chako nakijua, basi umepanda tu ukaifungua barua hii, gari bado halijaondoka hapa Likasi, na mimi nimesimama nje najifanya naongea na dereva. Irudishe barua kwenye bahasha. Kapolowe si mbali.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Maji ya kunywa, shuka la pili, kutolala na simu sikioni, yote mama yako ameshayasema mara tatu, na kesho asubuhi atayasema mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba muda mrefu kuliko umri wako. Nikilisema kwa mdomo litakwama, najijua. Kwa hiyo nimebaki hapa atelie, kwenye karakana yangu, Jumapili hii mchana, ninyi wawili mmeenda Kikula kusukwa nywele zako, na mbele yangu kuna mota ya mashine ya kusagia mahindi ambayo mwenyewe anaitaka Jumanne. Nimeisogeza pembeni ili karatasi ipate nafasi. Ukiona doa kwenye ukurasa ni vanishi ya mota, usimwambie mtu kwamba nililia. Nikilia nitakuambia mwenyewe.

Unaikumbuka siku ulipoufuta mlango? Mlango wa chuma wa atelie, ule uliougeuza ubao tangu ulipomaliza mtihani wa serikali. Wateja walikuwa wanakuja na pampu zao, wanakuta mlango mzima umejaa hesabu kwa chaki, wananiuliza kama nimefungua shule. Nilikuwa nawajibu kwamba binti yangu anajiandaa kwa concours ya Polytechnique, mtihani wa kuingia chuo cha mainjinia kule Lubumbashi, na neno hilo nilikuwa nalitamka polepole ili walisikie vizuri. Hapa kwetu hakuna kozi za kujiandaa kama zile wanazopata watoto wa kule. Wewe ulikuwa na mlango, picha za mitihani ya zamani kwenye simu, na umeme kwa saa zile unazotaka wenyewe kuja. Niliuona mlango ule kila asubuhi nikifungua kazi, na nilikuwa nafurahi kuliko nilivyokuonyesha.

Basi jioni moja, wiki tatu zilizopita, uliweka chaki chini ukaniuliza, "Papa, kama liste inakuwaka tayari, minye naenda kule kufanya nini?"

Nilikuwa nasuka koili ya mota, nikajifanya nahesabu mizunguko. Ulisubiri kidogo, kisha ukaufuta mlango kwa kiganja, kuanzia juu mpaka chini, ukaingia ndani. Tangu siku ile daftari lako liko wazi kwenye ukurasa ule ule. Unadhani sioni. Kazi yangu ni kutafuta uzi mmoja uliokatika kati ya mamia, nitashindwaje kuona daftari ambalo halifunuliwi.

Ile liste, ile orodha ya majina inayosemekana huandikwa Lubumbashi kabla hata mtihani haujafanywa, watoto wa Likasi wakienda kuwasindikiza wenzao tu, hukuiokota mtaani. Uliipata kwangu. Nimeisema mezani, nimeisema mbele ya wajomba zako, nimeisema kila mara mtu alipouliza ilikuwaje mtu anayejua hesabu kama mimi akaishia kusuka mota. Nilikuwa nasema nilifanya mtihani, niliandika vizuri, lakini liste ilikuwa tayari. Watu walikuwa wanatikisa kichwa kwa huruma, na mimi nilikuwa naipokea huruma hiyo kwa mikono miwili.

Na wewe tangu mdogo ulikuwa unapenda habari za ukumbi ule. Ulikuwa unakaa juu ya debe hapa hapa atelie, kazi yako ni kunihesabia mizunguko kwa sauti, na mimi nikiruka unanishika: "Papa, umeruka moja." Tukipumzika, unataka nikuelezee ukumbi. Nakuelezea benchi zinazolia ukikaa, msimamizi mwenye tai ya kahawia, pembe ya karatasi inayokunjwa ili jina lisionekane, na njiwa aliyeingia kwa kioo kilichovunjika akatembea juu ya meza za watu. Njiwa huyo ulimpenda sana. Kisha unauliza madirisha yalikuwa mangapi. Siku moja nilisema manane. Mwaka uliofuata nikasema kumi na mawili. Ukacheka, ukasema ukumbi wa Papa unaota madirisha kama mtoto anavyoota meno.

Foni, ukumbi ule sijawahi kuuona. Mtihani ule sikuufanya. Lubumbashi yenyewe sikufika.

Sasa nitakuelezea ilivyokuwa, na safari hii sitaruka mzunguko.

Wewe sirene hukuikuta. Siku hizi mtaa wetu wa Panda unaamshwa na pikipiki na makanisa, lakini sisi tuliozaliwa hapa kambini, kambi ya wafanyakazi, tuliamshwa na king'ora cha kiwanda. Kililia alfajiri kuamsha watu, kikalia tena watu walipotakiwa kuingia kazini, kikalia saa sita, kikalia saa nane, kikalia jioni. Bibi yako Alphonsine, ambaye umebeba jina lake, alikuwa anabandika maji ya kusonga bukari sirene ya saa sita ikianza, na kabla haijamaliza kulia ungesikia vifuniko vya sufuria katika mstari mzima wa nyumba. Mtu na mke wake walikuwa wanagombana mpaka sirene, kisha mwanaume anachukua kofia yake anaenda, na jioni wamekwisha sahau. Hata mbwa wa kambi walikuwa wanajua ipi ni ya chakula. Sauti ile mpaka leo ninaipenda, nitakudanganya nikisema siipendi.

Nyumbani kwetu hatukuwa na saa ukutani. Babu yako alikuwa na saa ya mkono aliyopewa na kampuni kwa miaka yake ya kazi, ikiwa ndani ya kiboksi chake, inatembea lakini imefungwa kitambaa, kabatini. Alikuwa anasema saa anayo tayari, ile ya kiwanda, ya pili ni ya nini. Kabati lenyewe lilikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwangu. Kumbuka hilo, utalihitaji mbele.

Nilisoma kwa sirene. Ya saa nane ikilia nakaa, ya jioni ikilia nasimama. Nilikuwa nasoma na Kasongo, mtoto wa mstari wa tatu, baba yako wa ubatizo huyo huyo unayeenda kulala kwake. Kitabu cha hesabu tulikuwa nacho kimoja, tukakikata katikati kwa kisu cha mama yake, yeye akawa na nusu ya mwanzo na mimi nusu ya mwisho, Jumamosi tunabadilishana. Alikuwa anasema siku tukifaulu tutakishona tena. Alikuwa polepole, Kasongo, alikuwa anarudia hesabu moja mpaka unatamani kumnyang'anya kalamu. Mimi nilikuwa mwepesi, na kila mtu alikuwa anajua. Mama wa kambi walikuwa wananiita Injenia, bombani walikuwa wananipisha nichote kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijaingia hata lango la shule yoyote kubwa, na tayari nimepewa cheo. Nilikipenda. Sikujua kwamba ndicho kitakachonifunga miguu.

Mtihani ulipofika, mfanyabiashara mmoja wa unga alikubali lori lake litubebe, tulikuwa vijana sita, wanne wa mitaa mingine, wa kambini ni mimi na Kasongo tu. Dereva alituambia, "Sirene ya kazi ikilia, minye napita pale kwa njia panda. Singojee muntu." Njia panda ilikuwa mwisho wa mstari wetu. Ukitoka mlangoni unaiona.

Asubuhi ile niliamka kabla ya ndege. Mama alikuwa amepiga pasi shati langu jana yake, la mkono mrefu, na babu yako alikuwa zamu ya usiku, hajarudi. Nilivaa, nikafunga viatu, nikakaa kitandani na begi miguuni, nikasubiri sirene. Ya kuamsha haikulia. Nikasema nimeamka mapema mno. Nikakaa. Mwanga ukaanza kuingia chini ya mlango, nikasema ni mwezi. Mwanga ukapanda ukutani mpaka kwenye picha ya Bikira Maria, na kwa muda huo wa mwaka nilikuwa najua vizuri jua linafika wapi saa ngapi. Nikasema sirene bado. Kambi nzima ilikuwa kimya, mlango hata mmoja wa mstari wetu haujafunguliwa, kwa sababu wote walikuwa wamelala wakisubiri kitu kile kile. Baadaye tuliambiwa mashine ya kuiliza ilikuwa imeharibika usiku ule. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Mpaka hapo ungesema ni bahati mbaya, na bibi yako mpaka anakufa alisema ni bahati mbaya. Lakini lori lilikuja. Nililisikia linapanda, nikalisikia linasimama, na nikasikia honi. Mara ya kwanza, fupi. Nikakaa. Mara ya pili. Nikashika mkanda wa begi. Mara ya tatu ilikuwa ndefu, ndefu mpaka mtoto wa jirani akaamka akalia, na mimi nikajiambia kwa sauti, peke yangu chumbani, kwamba sirene haijalia bado. Kisha nikasikia gia ya lori, na mama chumba cha pili akadhani nimeshapanda.

Niliogopa, Foni. Hakuna neno lingine. Niliogopa watoto wa Lubumbashi wenye vitabu vizima, niliogopa Kifaransa chao, na zaidi niliogopa kurudi bombani bila kuwa Injenia. Saa ilikuwa kabatini, hatua tatu. Sikuifungua kwa sababu sikutaka kujua. Sirene iliponyamaza ilinipa ruhusa, na mimi nikaipokea kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo inayoniumiza mpaka leo, kwa sababu lori lilipoondoka nilihisi wepesi mwilini, kama mtu aliyeambiwa leo hakuna shule.

Babu yako aliporudi kutoka zamu alinikuta hapo hapo, viatu miguuni. Aliuliza lori liko wapi. Nikamwambia sirene haikulia. Alivua kofia, uso wake bado una vumbi la kiwanda.

"Sirene ni ya shiye batu ba kazi," akasema. "Ya kwako ilikuwa ile honi. Minye niliisikia mupaka kule mu njia."

Hakusema tena jambo hilo mpaka kifo chake. Lakini alifanya kitu ambacho nadhani alikifanya kwa upendo, au kwa aibu, na mimi kama mzazi sasa nimejifunza kwamba vitu hivyo viwili mara nyingine vinavaa nguo moja. Jirani alipouliza juu ya ua kama kijana ameenda, babu yako alijibu, "Alienda." Basi. Neno likatoka, na mimi nikawa niko Lubumbashi.

Kwa siku tatu nilikuwa Lubumbashi ndani ya chumba cha wazazi wangu. Ucheke ukitaka, mimi mwenyewe siku nyingine nacheka. Bibi yako alikuwa ananiletea bukari imefunikwa kwa kitambaa kama anapeleka mahali pengine. Kwenda chooni nilikuwa nasubiri giza liingie, kwa sababu vyoo vilikuwa vya mstari mzima. Sikukohoa. Sirene, ambayo saa sita ya siku ile ile ilikuwa imeshatengenezwa, ilikuwa inalia vizuri kabisa, kila saa yake, na kila ikilia nilikuwa nageukia ukuta. Siku ya pili mama mmoja jirani alikuja kusali na bibi yako pale mbele ya mlango, rozari nzima, kwa ajili ya mtihani wangu. Nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta, nasikia jina langu linaombewa. Mama huyo alikuwa na watoto saba na hakuwa na muda wa kupoteza, na alinipa muda ule.

Siku ya tatu lori liliporudi, jioni, nilitokea nyuma ya nyumba, nikazunguka kupitia uwanja wa mpira, nikaibukia barabarani na begi langu kama mtu aliyeshuka garini. Kasongo aliniona. Alikuwa anashuka kweli, amechoka, suruali imejaa unga wa lori. Yeye hakuwa amesubiri sirene; ndiye aliyekuwa amemwomba dereva apige honi zile tatu, na mpaka lori linaondoka alikuwa ameweka mfuko wake pembeni yake kunishikia nafasi. Alinitazama, akatazama begi, akaelewa. Alinishika mkono tukaenda kukaa nyuma ya nyumba yao, akaanza kunielezea. Benchi, msimamizi, tai ya kahawia, pembe ya karatasi, njiwa. Alinipa mtihani wake wote, Foni, kipande kwa kipande, ili nikiulizwa niwe na la kusema. Jambo moja tu hakunieleza, madirisha, kwa sababu hakudhani mtu atauliza.

Akafika kwenye swali la tangi. Tangi la maji lenye mabomba mawili, moja linajaza na moja linavujisha, na lile linalovujisha linabadilika kasi kadiri maji yanavyopanda. Alisema limemshinda, amelikalia mpaka karatasi zikakusanywa. Nilichukua kipande cha mkaa nikaliandika kwenye saruji. Nilikuwa nimelimaliza kabla hajamaliza kufungua kamba za viatu vyake. Alilisoma jibu taratibu, kama kawaida yake, mstari kwa mstari, na kidole.

"Weye ungeingia," akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa yangu. Hapo ndipo nililia, kama unataka kujua. Kwa sababu mpaka dakika ile nilikuwa bado naweza kujiambia kwamba nisingeweza.

Majina yalipotoka, la Kasongo halikuwemo, na langu lingetoka wapi. Kambi ilitufariji. Mtu mmoja akasema, ah, kule liste huwa tayari, na mimi nikaidaka kauli ile hapo hapo. Kasongo hakuidaka. Alipoulizwa alikuwa anasema, tangi lilinishinda. Mwaka uliofuata akarudi, likamshinda jambo lingine. Akarudi tena. Kisha akaacha, akajifunza kufunga umeme majumbani, akahamia Lubumbashi, na leo ana nyumba ambamo utalala, na mtu akimuuliza kuhusu Polytechnique anajibu bila kubadilisha sauti kwamba alijaribu mara tatu akakosa. Nimemwonea wivu mtu aliyekosa mara tatu. Sijui kama utanielewa ukiwa na umri huo.

Mimi kwa nini sikurudi, maana nilikuwa na miaka na tangi lilikuwa linanitii? Kwa sababu nilikuwa nimeshasema nimefika. Ningepanda lori na vijana wengine, wangeniuliza, kaka, ukumbi uko upande gani, na ningekuwa sijui hata lango. Uongo nilioufanya kufunika siku moja ulifunika na miaka iliyofuata. Nilidhani nimefunga mlango mmoja mdogo, wa nyuma.

Usinielewe vibaya, maisha yangu siyalilii yote. Kazi hii naipenda. Napenda mota iliyokufa inapoanza kunguruma tena na mwenye mashine anatabasamu. Mama yako nilimpata kwa sababu ya pampu ya parokia iliyoungua, alikuwa anaimba kwaya na maji hakuna. Wewe nilikupata kwa sababu yake. Lakini pale ambapo ningepaswa kukupa yaliyonipata, nilikupa maneno ya kujifunika, na wewe ukayaamini kwa sababu yalitoka kwa baba. Uliufuta mlango kwa mkono wako, lakini ni mimi niliyeufuta.

Wiki iliyopita Kasongo alinipigia simu. Kwanza aliuliza kama unakula dagaa, kisha akasema, "Foni atalala kwangu siku tatu. Ataniuliza juu ya ile salle ya mutihani, minye namujua. Siwezi kumudanganya mutoto wangu wa batizo ndani ya nyumba yangu. Umuambie weye, mbele afike." Miaka yote hii amenibebea, na sijawahi hata kumwambia asante.

Bado ningeweza kukaa kimya. Lakini leo baada ya misa mama yako alikuwa anatafuta kikombe cha maji ya kukubariki kesho, na akaniambia lile ambalo wazazi wetu wote walikuwa wanaambiana, "Kama uko na neno mu roho, ulitoe mbele ya kumubariki mutoto." Alilisema kama anavyosema chumvi imeisha. Unajua desturi yetu: mzazi mwenye kitu moyoni dhidi ya mtoto, au alichomficha, hawezi kumnyunyizia maji na kusema uende vizuri, maji yatakuwa maji tu. Nilisimama jikoni nikamwambia yote. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na alikuwa hajui. Aliendelea kusonga bukari, nikadhani amekasirika.

"Njo maana hesabu ya madirisha ilikuwa inageuka-geuka," akasema. Kisha akasema niandike, maana kinywa changu anakijua.

Basi nimeandika. Kesho alfajiri nitakunyunyizia maji yale kipajini, na yatakuwa maji ya mtu aliyesema ukweli, hata kama wewe utakuwa hujausoma bado.

Sikuambii utafaulu. Sijui. Kule kuna watoto waliosoma vizuri kuliko wewe, na inawezekana kuna mahali mkono wa mtu unasaidia mtoto wa mtu, sikuzaliwa jana. Lakini mimi si shahidi wa hilo. Sikuwepo. Kila nilichokuambia kuhusu liste ile nilikisema nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nakuomba usiingie nayo. Ukikosa, ukose jambo lako mwenyewe, lenye jina, kama Kasongo na tangi lake, uje utuambie limenishinda hili. Tutakula, tutalala, na mlango wa atelie utakuwa pale na chaki nimenunua. Hilo naweza kulibeba. Nisichoweza kubeba ni wewe ukae mbele ya karatasi ukisubiri sirene yangu.

Na jambo moja zaidi. Ulipokuwa mwaka wa tano wa sekondari nilikupa swali la tangi lenye mabomba mawili, ukaliandika kwa chaki sakafuni. Ulilimaliza kwa njia fupi kuliko yangu, nikakuambia umekosea, nikakaa nalo siku mbili kabla ya kukubali kwamba uko sahihi. Ulidhani ni ubishi wangu wa kawaida. Lilikuwa ndilo lile la Kasongo. Ni kitu pekee cha kweli nilichowahi kukupa kutoka ukumbi ule, na ulikuwa umeshakimaliza.

Nawasikia mnarudi, mama yako anacheka barabarani. Nitaificha barua kati ya kurasa za daftari lako, pale lilipo wazi, na kesho ukipanda nitakuambia usilifungue kabla ya Kapolowe.

Kama unasoma mstari huu, Foni, honi ilipigwa na ukapanda. Njia yangu iliishia pale. Kuanzia hapo ulipo sasa sijawahi kupita, na sina la kukufundisha tena. Jumatano ukiingia, kabla hawajagawa karatasi, inua macho uyahesabu madirisha. Ukirudi, uniambie ni mangapi.

Baba yako